Kwa nini betri inayokaa mwaka kwenye saa hufa siku moja kwenye gari la mtoto? Fahamu kabla hujanunua

Pakiti moja ya betri ndogo za AA, duka moja, siku moja. Betri moja inawekwa kwenye saa ya ukutani na mwaka mzima mishale inazunguka bila shida. Nyingine mbili zinawekwa kwenye gari la kuchezea la mtoto, na kabla jua halijazama gari limeshaanza kusuasua. Mzazi anarudi dukani amekunja uso: “Mangi, umeniuzia betri feki.”

Betri feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi Mangi hana kosa. Betri ni nzima, ila imepewa kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya. Anayeifahamu tofauti hiyo hutumia pesa kidogo zaidi kwenye betri kila mwezi, na tochi yake haimzimikii njiani usiku.

Mzigo ndio unaoamua

Kila kifaa huvuta umeme kwa kasi yake. Kasi hiyo mafundi huiita mzigo, na kwa vifaa vidogo hupimwa kwa miliampia. Kwa makadirio, hali iko hivi:

– Saa ya ukutani: chini ya nusu miliampia kwa wastani.
– Rimoti ya TV: karibu hakuna kitu, mpaka pale kitufe kinapobonyezwa.
– Redio ndogo, sauti ya chini: miliampia 20 hadi 50 hivi. Sauti ikipandishwa, inaweza kupita 100.
– Tochi ya LED: kuanzia makumi kadhaa ya miliampia hadi 300 au zaidi, kutegemea ukali wa mwanga.
– Gari au mdoli wenye mota: miliampia 300 hadi 1,000.
– Kamera ya betri za AA yenye flashi: ampia nzima na zaidi, kwa vipindi vifupi.

Kwa hiyo gari la mtoto linaweza kuvuta umeme mara elfu moja zaidi ya saa ya ukutani. Hapo tayari jibu la kwanza limepatikana: kinachovuta sana humaliza haraka.

Ila kuna jibu la pili ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalokula pesa. Mzigo ukiwa mzito, betri haiishi haraka tu, bali pia hutoa umeme kidogo kuliko ule uliomo ndani yake. Sehemu ya umeme hubaki humo bila kutumika, na betri inatupwa.

Chukua betri nzuri ya alkalaini ya saizi AA. Ikivutwa taratibu, miliampia 25, hutoa jumla ya karibu miliampia-saa 3,000. Hizo ni saa 120 za kazi. Ikivutwa kwa miliampia 250, hutoa karibu 2,000 tu, yaani saa 8. Ikivutwa kwa miliampia 500, hushuka hadi karibu 1,500, yaani saa 3.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Kutoka miliampia 25 hadi 500, mzigo umeongezeka mara 20. Lakini muda haukupungua mara 20, umepungua mara 40: kutoka saa 120 hadi saa 3. Nusu ya umeme imepotea njiani.

Ni kama kisima cha mchangani

Wanaochimba maji kwenye mito iliyokauka wanakielewa hiki kitu vizuri. Ukichota taratibu kwa kata, maji yanazidi kuchujika kutoka kwenye mchanga na kisima kinaendelea kujaa. Ukichota kwa pupa kwa ndoo, dakika chache tu unagusa tope. Unaweza kudhani kisima kimekauka, kumbe maji yapo pembeni, hayajawahi kufika. Ukikiacha kikapumzika, asubuhi unakuta maji tena.

Ndani ya betri ni hivyohivyo. Umeme unatokana na kemikali zinazokutana, upande mmoja zinki na upande mwingine unga mweusi wa manganizi. Ili ziendelee kukutana, chembe lazima zisafiri kwenye uji mzito uliomo ndani. Mzigo ukiwa mwepesi, chembe zinawahi. Mzigo ukiwa mzito haziwahi, volti inaanguka, na kifaa kinazima.

Juu ya hapo, betri ina ukinzani wake wa ndani. Kadiri umeme unavyopita kwa kasi, ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyopotea kama joto humohumo ndani. Ndio maana betri zinazoendesha mdoli wa mota hutoka zina joto mkononi, na za saa hazina.

Kaboni na alkalaini: ndugu wawili wasiofanana nguvu

Betri za kutupa zinazojaa madukani ni za aina mbili kubwa, na zote zimeandikwa volti 1.5.

Ya kwanza ni ya kaboni, ile ya bei chee. Hii ni ya zamani sana. Mizizi yake ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché ya mwaka 1866, na Mjerumani Carl Gassner aliyeifanya iwe “kavu” miaka ya 1880. Kopo lake ni la zinki, na katikati kuna kile kijiti cheusi ambacho watoto wa mitaani na vijijini wamekuwa wakikichomoa na kuchorea ukutani. Unga wake mweusi umepakwa kwenye mbao za kuandikia katika shule nyingi.

Ya pili ni ya alkalaini. Ndani yake zinki haikukaa kama kopo, imesagwa kuwa unga. Unga una eneo kubwa zaidi la kukutana na kemikali nyingine, kwa hiyo umeme unatoka kwa kasi bila betri kuhema. Uji wake nao ni wa aina nyingine, unaopitisha chembe kwa wepesi zaidi.

Kwenye mzigo mwepesi, betri nzuri ya kaboni ya AA inaweza kukaribia miliampia-saa 1,000. Alkalaini hutoa mara mbili au tatu ya hapo. Hiyo ni tofauti ya kawaida. Lakini mzigo ukipanda hadi miliampia mia kadhaa, kaboni inaporomoka na kutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Alkalaini nayo inapungua, ila inaendelea kupiga kazi. Pengo linakuwa mara nne, mara tano, na kwenye baadhi ya vifaa hata zaidi.

Kuna ya tatu, lithiamu ya AA ya volti 1.5, ambayo si rahisi kuipata na bei yake imesimama. Hiyo hata ikivutwa ampia nzima bado hutoa karibu miliampia-saa 3,000. Ni ya kamera na vifaa maalumu. Kuiweka kwenye saa ya ukutani ni kununua lori la kubebea mkoba.

Magari mawili yaliyomaliza ubishi

Tofauti hii iliwahi kuoneshwa kwa njia rahisi ambayo mtoto yeyote angeielewa.

Mwaka 1955 kampuni ya Eveready ilimpeleka mhandisi kutoka Kanada, Lewis Urry, kwenye maabara yake ya Parma, Ohio, nchini Marekani. Kazi aliyopewa ilikuwa kurefusha maisha ya betri za kaboni, kwa sababu midoli ya umeme ilikuwa inazimaliza haraka na wateja walikuwa wanalalamika. Urry akaona kuirekebisha ya zamani kutagharimu zaidi kuliko kuunda mpya. Akarudi kwenye wazo la alkalaini ambalo wengine walikuwa wamelijaribu bila mafanikio makubwa, na akaleta mbinu ya kutumia zinki ya unga.

Ili kumshawishi bosi wake, alinunua magari mawili ya kuchezea yanayofanana. Moja akaliwekea betri ya kaboni, jingine betri yake mpya, na akayaachia kwenye sakafu ya kantini ya kampuni. La kaboni lilisogea kidogo na kusimama. La alkalaini lilienda na kurudi, likaenda na kurudi, mpaka watazamaji wakachoka kulitazama.

Betri hizo zilianza kuuzwa mwaka 1959. Miaka 40 baadaye, 1999, Urry alikabidhi betri yake ya mfano kwa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian.

Urry hakuchagua saa wala redio kwa jaribio lake. Alichagua kifaa chenye mzigo mzito, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana. Angeweka betri hizo kwenye saa mbili za ukutani, bosi angesubiri mwaka mzima.

Huku kwetu, kaboni iliendelea kutawala kwa miongo mingi. Matsushita ya Japani, ambayo leo ni Panasonic, ilianzisha kampuni Dar es Salaam mwaka 1966, na kiwanda cha Eveready cha Nakuru, Kenya, kilianza 1967. “Mawe” ya redio yakawa bidhaa ya kila duka, kama chumvi na kiberiti. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, wakati betri za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimejaa sokoni.

Soma herufi, usisome sifa

Mtego mkubwa dukani ni maneno “Heavy Duty”. Mtu akiyaona anadhani ni betri ya kazi nzito. Ukweli ni kwamba maneno hayo huandikwa kwenye betri za familia ya kaboni. Ni kaboni iliyoboreshwa kidogo, lakini haifiki kwa alkalaini. “Super”, “Extra” na “Power” nayo ni maneno ya biashara tu.

Cha kutafuta ni alama ya kimataifa, inayoandikwa kwa herufi ndogo pembeni:

– R6 ni AA ya kaboni. LR6 ni AA ya alkalaini.
– R03 ni AAA ya kaboni. LR03 ni ya alkalaini.
– R20 ni betri kubwa ya tochi na redio, ya kaboni. LR20 ni ya alkalaini.
– 6F22 ni ile ya mraba ya volti 9, ya kaboni. 6LR61 ni ya alkalaini.
– FR6 ni AA ya lithiamu.

Kwa kifupi, kwenye betri za duara tafuta L mwanzoni. Hakuna L, hakuna alkalaini, hata kama pakiti ina picha ya radi.

Uzito nao unasema kitu. AA ya alkalaini ina karibu gramu 23. Ya kaboni huwa kwenye gramu 15 hadi 18. Ukishika betri iliyoandikwa alkalaini na ni nyepesi kama ya kaboni, jiulize mara mbili kabla ya kutoa pesa.

Hesabu ya pesa: bei nafuu ni ipi?

Bei ya betri haina maana mpaka igawanywe kwa muda wa kazi. Chukulia mfano wa hesabu tu, kila mtu aweke bei za dukani kwake: kaboni shilingi 500, alkalaini shilingi 1,500.

Kwenye gari la mtoto, tuseme kaboni inakaa saa 1 ya mchezo na alkalaini saa 6. Kaboni inagharimu shilingi 500 kwa saa, na alkalaini shilingi 250 kwa saa. Ile iliyoonekana “ghali” dukani imekuwa nusu ya bei.

Kwenye saa ya ukutani, tuseme kaboni inakaa mwaka mmoja na alkalaini miaka miwili. Kaboni inagharimu shilingi 500 kwa mwaka, alkalaini 750. Hapa kaboni imeshinda wazi.

Kwa hiyo swali la dukani liwe moja: betri hii inaenda kwenye kifaa gani?

Kifaa kwa kifaa

Saa ya ukutani na rimoti. Mzigo ni mwepesi, kaboni inatosha. Usimwage pesa. Kumbuka tu kuibadilisha mara moja kwa mwaka au mara inapoisha, kwa sababu kopo lake la zinki huliwa taratibu na mwishowe hutoboka.

Redio. Hapa sauti ndiyo inayoamua. Redio ya betri kubwa inayovuta miliampia 30, na betri ya kaboni ikitoa miliampia-saa 5,000, itapiga saa 160 na zaidi. Kwa anayesikiliza saa nne kwa siku, huo ni mwezi na siku kadhaa. Akipandisha sauti ili kijiwe kizima kisikie mpira, mzigo ukafika miliampia 150, hata kama betri ingetoa umeme wote uleule zingebaki saa 33 tu, na kwa mzigo huo haitoi wote. Anayesikiliza kwa sauti ya kiasi, kaboni inamfaa. Mwenye kibanda anayepiga redio kutwa kwa sauti ya juu, afanye hesabu ya alkalaini.

Tochi. Inategemea inavyotumika. Anayewasha dakika tano kwenda chooni na kuzima, anaipa betri muda wa kupumzika, na kaboni inapenda sana kupumzika. Mlinzi anayewasha kwa muda mrefu usiku kucha, au familia inayotumia taa ya betri kusomea jioni nzima, watapata faida kwenye alkalaini au betri za kuchaji. Tochi zenye viwango viwili vya mwanga nazo ni msaada. Kiwango cha chini hurefusha muda kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu ileile ya kisima.

Midoli yenye mota na kamera. Hapa kaboni ni pesa iliyotupwa. Viwango vya kimataifa vya kupima betri vinaonesha ukali wake. Jaribio la mdoli kwa AA huunganisha betri na ukinzani wa ohmu 3.9 kwa saa moja kila siku, mpaka ishuke hadi volti 0.8. Jaribio la kamera ni kali zaidi: wati 1.5 kwa sekunde 2, kisha wati 0.65 kwa sekunde 28, marudio 10, halafu betri inapumzishwa hadi saa nyingine ianze. Jaribio linakoma betri ikifika volti 1.05.

Mashine ya presha ya nyumbani. Nyingi hutumia AA nne, na ile pampu inayojaza hewa kwenye mkono ni mota, yaani mzigo mzito wa ghafla. Betri za kaboni zinaweza kuonekana nzima, lakini pampu ikianza volti inaanguka na mashine inazima au inaonesha alama ya betri katikati ya kipimo. Kwa mgonjwa wa presha anayetakiwa kupima asubuhi na jioni, hili si la kubania. Weka alkalaini, na seti moja ya akiba iwe karibu.

Kipima sukari. Hiki huvuta kidogo. Vingi hutumia betri bapa ya CR2032, ambayo ina miliampia-saa 220 hivi na imetengenezwa kwa mizigo midogo. Hukaa kwa vipimo vingi. Tahadhari ni kwa watoto: betri bapa ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, ni hospitali mara moja, si kusubiri itoke.

Kuanika juani na kuuma: kweli inasaidia?

Nani hajawahi kuona mawe ya redio yamepangwa juu ya bati yakiota jua? Na wengine huyauma kwa meno yakabonyea, kisha redio ikaimba tena dakika kadhaa. Wanaofanya hivyo hawadanganyi, redio inaimba kweli. Ila si kwa sababu betri imechajiwa.

Kuna mambo mawili. La kwanza ni kupumzika. Wakati betri iko juu ya bati haifanyi kazi, na chembe zinapata muda wa kusogea, kama maji yanavyorudi kisimani. La pili ni joto, ambalo linaharakisha kemikali na kupunguza ukinzani wa ndani. Umeme uliotoka ni ule uliokuwa umebaki, hakuna ulioongezwa na jua. Ndio maana ujanja huu hufanya kazi kwenye redio yenye sauti ya chini, na haufui dafu kwenye gari la mtoto.

Hasara yake ni kwamba joto linaharakisha pia kuvuja. Betri ya kaboni iliyokaribia kuisha tayari kopo lake ni jembamba. Kuiuma ni kukaribisha kemikali mdomoni, na kuichemsha ni hatari zaidi, maana presha ya ndani inaweza kuipasua. Motoni betri haiingii kabisa.

Anayetaka faida ya kupumzisha bila hatari ana njia salama: awe na seti mbili za betri za redio na azibadilishe kwa zamu, leo hizi, kesho zile. Kwa betri za kaboni zinazobeba mzigo wa kati, kila seti hupata siku nzima ya kupumua.

“Imekufa” kwenye kifaa kimoja, hai kwenye kingine

Kila kifaa kina mahali pake pa kukata tamaa. Kamera inaweza kukataa betri ikiwa bado na volti 1.1. Mdoli unaendelea mpaka karibu volti 0.8, ukitambaa. Betri iliyokataliwa na kamera au mashine ya presha inaweza kufanya kazi miezi kadhaa kwenye rimoti.

Kwa hiyo betri ishushwe ngazi kabla ya kutupwa: itoke kwenye kamera iende kwenye redio ndogo, na kutoka hapo iende kwenye rimoti au saa. Sharti ni kuikagua mara kwa mara, kwa kuwa betri iliyochoka ndiyo inayovuja haraka.

Kosa ambalo huua hata betri mpya

Tochi ya betri tatu imefifia. Mwenye tochi ana pesa ya betri moja tu, anabadilisha moja na kuacha mbili za zamani. Mwanga unapanda kidogo, na anaona amepata nafuu.

Shida ni kwamba betri zikiwa kwenye mstari, umeme uleule unapita kwenye zote. Dhaifu ikiisha, mpya inaendelea kuusukuma umeme kupitia maiti ya mwenzake. Dhaifu inaweza kugeuzwa chanya ikawa hasi, inajaa gesi na kuvuja. Kuchanganya kaboni na alkalaini kunaleta matokeo hayohayo, kwa sababu moja itaisha kabla ya nyingine. Badilisha zote kwa pamoja, za aina moja.

Ikivuja, jua ni aina gani. Ute wa alkalaini, ule unaoganda mweupe, unasafishwa kwa pamba yenye ndimu au siki kidogo. Wa kaboni una tindikali, unataka magadi ya kuokea yaliyolowekwa. Tumia glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na usiguse macho.

Namna ya kupima nyumbani bila kudanganyika

Kupima betri ikiwa haina mzigo kunadanganya. Mita inaweza kusoma volti 1.4 kwenye betri ya kaboni iliyopumzika, lakini ukiiwekea mota inaanguka papo hapo. Ndio maana fundi redio mzoefu huunganisha balbu ndogo ya tochi kwanza, halafu anasoma mita wakati balbu inawaka.

Na ule mtihani wa kuidondosha betri mezani kuona kama inadunda? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliuchunguza mwaka 2015 kwa betri za alkalaini. Walikuta kudunda kunaongezeka kadiri betri inavyotumika, lakini kunafika kilele betri ikiwa bado na karibu nusu ya umeme. Kwa hiyo inayodunda si mpya, ila si lazima iwe imekufa.

Anayetaka kujua betri ipi inamfaa afanye kama Urry. Kifaa kilekile, sauti au mwanga uleule, saa zilezile kila siku. Wiki hii betri za aina moja, zikiisha aweke za pili. Aandike tarehe kwa kalamu kwenye betri yenyewe siku anapoiweka. Zikiisha, agawanye bei kwa saa. Daftari hilo litamwambia ukweli kuliko tangazo lolote.

Vipi betri za kuchaji?

Kwa anayemaliza AA kila wiki, betri za kuchaji za nikeli zinastahili kufikiriwa. Zimeandikwa volti 1.2, na wengi huziona dhaifu kwa sababu hiyo. Lakini chini ya mzigo mzito volti yake haiporomoki kirahisi, na huweza kuchajiwa mamia ya mara. Hazina maana kwenye saa ya ukutani. Na usijaribu kuchaji betri za kutupa kwa chaja yake, zinaweza kuvuja au kupasuka.

La kukumbuka dukani

Mzigo mwepesi, nunua kaboni bila wasiwasi: saa, rimoti, redio ya sauti ya chini. Mzigo mzito, nunua alkalaini yenye L: midoli ya mota, kamera, mashine ya presha, tochi ya kazi. Mzigo mzito wa kila siku, fikiria za kuchaji. Na kabla ya kumlaumu Mangi, angalia kwanza betri yake ilipelekwa kufanya kazi gani.